Nguo Haifuti Chozi

Nguo ni stara na heshima. Hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kuikashifu, na mimi siikashifu. Ninayoishambulia katika insha hii ni tabia iliyojificha nyuma ya stara kama mwivi nyuma ya mlango: tabia ya kununua nguo kwa sababu moyo umeudhika, wala si kwa sababu mwili u uchi.

Nasema kwa ujuzi. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa mtumwa wa tabia hiyo. Mkubwa wangu akinikaripia asubuhi, jioni nilikuwa Gikomba nikifukua marundo ya mitumba. Wanafunzi wangu wakishindwa mtihani, nilijiliwaza kwa shati. Faraja yenyewe ilianza kupoa njiani. Nilipofika nyumbani ilikuwa imekwisha, na shati limebaki.

Siku moja mama yangu alinipigia simu akaomba shilingi 2,000 za dawa. Sikuwa nazo. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimetoa shilingi 2,500 kununua koti, nami nina makoti mawili mengine. Nilikopa, nikampelekea. Usiku ule nilimwaga nguo zangu zote kitandani nikazihesabu. Mashati yalikuwa 31, na 11 kati yake sikupata kuyavaa hata mara moja. Niliona haya peke yangu chumbani. Nikaapa kwamba kwa mwaka mzima sitanunua nguo.

Wako walionipinga. Wa kwanza alisema kwamba mitumba ni rahisi, haimfilisi mtu. Namjibu kwamba urahisi ndio mtego wenyewe. Shilingi 100 haimtishi mtu, lakini bandubandu huisha gogo. Tena tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata uchungu wa kuhesabu noti mkononi umepungua: kidole hubonyeza, fedha ikaenda.

Wa pili aliniuliza, "Mwuza mitumba atakula nini?" Hoja hii ina uzito. Serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini mwezi wa Machi 2020 kwa hofu ya korona, mpaka ilipoiruhusu tena Agosti, wachuuzi wengi walipata taabu. Lakini mimi simwambii mtu aende uchi. Mwenye haja na anunue, na mchuuzi apate riziki yake kwa haki. Fundi wa cherehani naye ana watoto: mwaka ule alinigeuzia kola, akanishonea vifungo, akapata fedha zangu bila kuniongezea mzigo. Tusisahau pia kwamba nguo iliyotupwa haitoweki. Nguo nyingi za siku hizi zimefumwa kwa nyuzi za polista, zitokanazo na mafuta ya petroli, ambazo haziozi upesi kama pamba. Tunazozichoka leo huishia jaani, kama lile la Dandora, penye watu wanaoishi jirani nalo na kuvuta moshi wake.

Wa tatu alicheka, akasema kwamba nimejinyima furaha. Huyu ndiye aliyekosea zaidi. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu kweli, maana huzuni ilikuja na sikuwa na pa kuikimbilia. Ikanibidi niitazame usoni. Mkubwa wangu aliponikaripia, nilimwendea tukazungumza, tukaelewana. Wanafunzi waliposhindwa, nilirudi kwenye karatasi zao nikazisoma moja moja, nikagundua kwamba kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimelipitia somo la sehemu mbio mbio. Shati gani lingenionyesha jambo hilo? Mashati yote 31 yalikuwa yamenificha nisilione.

Ninyi vijana mnaosoma insha hii mnavaa sare, na wengi wenu hamjapata mshahara. Mtaupata. Siku hiyo msimamapo mbele ya nguo inayopendeza, kila mmoja ajiulize: anayeihitaji ni mwili au moyo? Ikiwa ni mwili, nunua, uvae kwa shukrani. Ikiwa ni moyo, rudisha fedha mfukoni, ukamtafute rafiki wa kuzungumza naye. Kisha mpigie mama yako simu kabla hajakupigia yeye.