Nafuu ya bei ya Herceptin haitoshi bila vipimo

Makubaliano ya mwaka 2025 yaliyoshusha gharama ya dawa ya Herceptin kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000 kwa awamu moja, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikikubali kuzilipa, yalipokewa kwa vifijo. Yalistahili. Hata hivyo, katika vifijo hivyo ni wachache waliouliza dawa hii humfaa mgonjwa yupi.

Herceptin huiandama protini moja tu, HER2, inayokaa kwenye utando wa seli. Protini hii ni tarishi: hupitisha ndani amri ya seli kukua na kugawanyika. Kwa kiumbe kilicho tumboni, utarishi huo ni suala la kufa na kupona. Mnamo 1995, watafiti walionyesha kwamba vijusi vya panya visivyo na jeni hiyo hufa kabla ya kuzaliwa kwa kuwa misuli ya moyo haiundiki ipasavyo.

Ukubwani, tarishi huyo huyo aweza kugeuka adui. Nakala za jeni zikiongezeka kupita kiasi, seli hupokea amri ya kukua bila kikomo. Mnamo 1987, Dennis Slamon na wenzake nchini Marekani walibaini kuwa wanawake wenye saratani ya matiti ya aina hii walirejelewa na ugonjwa upesi na kufariki mapema. Marekani iliidhinisha Herceptin mwaka 1998, nalo Shirika la Afya Duniani likaiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015.

Sasa, wagonjwa wa aina hii ni takriban mmoja kati ya watano au sita. Waliosalia haiwafai. Kwa hivyo hakuna daktari awezaye kuiagiza kabla ya kipande cha uvimbe kupimwa maabarani.

Kuna kipimo cha pili ambacho husahaulika. Moyo wa mtu mzima ungali unaihitaji HER2, ndiposa dawa inayoizima huweza kuudhoofisha. Mgonjwa hupimwa moyo kabla ya kuanza, kisha takriban kila miezi mitatu katika matibabu ya mwaka mzima.

Mama anayetoka Lodwar au Mandera atapimiwa wapi, na nauli ya safari zote hizo ataitoa wapi? Wizara ya Afya ilitangaza bei ya dawa kwa ufasaha. Itangaze vivyo hivyo hospitali za kaunti zenye uwezo wa kufanya vipimo hivi viwili.