Yoti Kuukuu Sokoni: Je, Kinachouzwa ni Chuma na Mbao au ni Kumbukumbu?

Miongoni mwa vyombo vya baharini ambavyo vimewahi kutangazwa katika soko la matajiri wa dunia, ni vichache vilivyopitia misukosuko kama yoti iitwayo Christina O. Chombo hiki chenye urefu wa takriban mita 99 kiliundwa mjini Montreal, Kanada, kikashuliwa majini mwaka 1943. Wakati huo hakikuwa cha anasa hata chembe. Kilikuwa manowari ya kusindikiza misafara ya meli za shehena katika Bahari ya Atlantiki wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na jina lake lilikuwa HMCS Stormont. Vita vilipokwisha, manowari hiyo ikawa haina kazi. Mwaka 1954 Aristotle Onassis, tajiri wa Kigiriki aliyemiliki meli nyingi, aliinunua kwa dola 34,000 za Marekani, bei ya chuma chakavu. Kisha akatumia dola zipatazo milioni 4 kuigeuza kuwa kasri lielealo. Akaipa jina la binti yake, Christina.

Waliowahi kukanyaga sitaha ya chombo hicho ni watu ambao majina yao yangali yanatajwa vitabuni. Winston Churchill alisafiri nacho mara kadhaa. Mtawala Rainier wa Monaco na mchezaji filamu Grace Kelly walifanyiwa humo tafrija ya harusi yao mwaka 1956. Hata kidimbwi chake cha kuogelea kilikuwa cha ajabu, kwani sakafu yake yenye nakshi za vigae iliweza kuinuliwa ikawa uwanja wa kuchezea dansi. Onassis alipofariki mwaka 1975, chombo kilimwendea binti yake, naye mwaka 1978 akakitoa kwa serikali ya Ugiriki. Kikabadilishwa jina kikaitwa Argo, kikaachwa kikachakaa. Mwaka 1998 kilinunuliwa na mfanyabiashara aliyekifanyia ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2001, na hapo ndipo kilipopata jina lake la sasa. Tangu wakati huo kimekodishwa kwa wenye uwezo, na zaidi ya mara moja kimetangazwa kuwa kinauzwa.

Makala haya yanakusudia kujibu maswali mawili. Kwanza, mnunuzi wa chombo cha aina hii hununua nini hasa? Pili, jambo hili lina uhusiano gani na mwanafunzi au mhadhiri wa Kiswahili, ambaye huenda hatamiliki hata ngalawa maishani mwake? Msimamo wangu ni kwamba kinachouzwa si chuma wala mbao. Kinachouzwa ni kumbukumbu iliyohifadhiwa kwa maneno. Na kwa kuwa maneno ndiyo amana yetu, sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili tuna deni kubwa kuhusu vyombo vya pwani yetu, deni ambalo bado hatujaanza kulilipa ipasavyo.

Tuanze na swali la kwanza. Chuma kilichouzwa kwa dola 34,000 mwaka 1954 ni kile kile kilichogharimiwa mamilioni baadaye. Chuma hakiongezeki ubora kwa kuzeeka. Kinyume chake, kadiri miaka inavyosonga ndivyo kutu inavyokila na ndivyo gharama ya kukitunza inavyopanda. Mtu anayetaka kusafiri baharini kwa starehe anaweza kuagiza yoti mpya isiyovuja, yenye mitambo ya kisasa. Anayechagua kuukuu huchagua historia yake: nani aliiunda, lini, wapi, kwa ramani ipi, nani aliisafiria, na kitu gani ndani yake ni cha asili na kipi kimebadilishwa. Maelezo hayo yakipotea, chombo hurudi kuwa chuma chakavu. Ndiyo maana muuzaji stadi hutanguliza nyaraka: ramani za uundaji, picha za zamani, orodha ya wamiliki na taarifa za kila ukarabati uliofanywa.

Hapa pana suala linalopaswa kumvutia mwanaisimu. Matangazo ya vyombo hivi hupenda kusema kwamba chombo "kimerejeshwa katika hali yake ya asili". Kiswahili kinatuwezesha kuuliza maswali makali zaidi. Kukarabati si sawa na kurejesha, kurejesha si sawa na kuunda upya, na kuunda upya si sawa na kugeuza. Christina O ilipokarabatiwa, mitambo yake ya mvuke haikubaki, na leo inaendeshwa kwa injini za dizeli. Onassis mwenyewe hakuwa amekarabati chochote. Alikuwa amegeuza manowari kuwa kasri. Je, asili inayorejeshwa ni ipi? Ni ile ya mwaka 1943 au ile ya mwaka 1954? Mhariri wa muswada wa utenzi wa kale hukabiliwa na swali hili hili anapopata nakala tatu zinazotofautiana. Mhariri mwaminifu hueleza ni ubeti gani alioukuta na ni neno gani alilolikisia. Mkarabati mwaminifu naye hueleza ni ubao gani wa zamani na ni upi wa juzi. Asiyeeleza anauza hadaa, hata kama rangi inameremeta.

Zipo hoja mbili zinazoweza kutolewa dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni kwamba haya ni mambo ya anasa, na si haki kuyashughulikia ilhali wanafunzi wengi wanahangaikia karo. Hoja hii ina uzito, na sikusudii kuwasifu matajiri kwa matumizi yao. Hata hivyo, anayedharau kumbukumbu kwa sababu imehifadhiwa na tajiri hujinyima funzo. Tajiri amejua kwamba historia ina thamani, naye akailipia. Maskini aliye na historia tele asipoiandika, huishia kuitoa bure, kisha akaja kuinunua kwa bei ghali.

Hoja ya pili ni kwamba turathi haifai kuwekwa sokoni kabisa, bali ikabidhiwe serikali. Mifano inatuonyesha kwamba jambo hili si jepesi hivyo. Tumeona kuwa Argo ilichakaa mikononi mwa serikali, ikaokolewa na mnunuzi binafsi. Lakini tuitazame Sequoia, yoti ya mbao yenye urefu wa futi zipatazo 104 iliyoundwa New Jersey, Marekani, mwaka 1925, na iliyotumiwa na marais wa nchi hiyo kuanzia Herbert Hoover. Rais Jimmy Carter aliagiza iuzwe ili kupunguza matumizi ya serikali, na mwaka 1977 ilinunuliwa kwa dola 286,000. Baadaye ilipita katika mikono ya wamiliki binafsi kadhaa, ikazongwa na kesi, na uamuzi wa mahakama ya jimbo la Delaware mwaka 2016 ulieleza jinsi ilivyokuwa imetelekezwa hadi wanyama wa mwituni wakaingia na kufanya makazi ndani yake. Mwaka 2019 ilisafirishwa hadi jimbo la Maine ili itengenezwe. Kwa hiyo serikali inaweza kutelekeza, na mtu binafsi vilevile. Jambo lililoziokoa yoti zote mbili ni kwamba zilikuwa zimeandikwa sana, na hapakukosekana mtu wa kuzikumbuka.

Sasa na tugeukie kwetu. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na chombo cha kifalme. Sultani Barghash wa Zanzibar aliundiwa Uskoti, mwaka 1878, merikebu iliyoitwa Glasgow. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu kwa dakika zipatazo 38, manowari za Waingereza ziliizamisha bandarini Zanzibar. Kwa miaka mingi milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji mbele ya mji, hadi mabaki yake yalipovunjwavunjwa mwaka 1912. Hapakuwa na mnunuzi wala mkarabati. Katika Ziwa Tanganyika ipo hadithi iliyo tofauti. Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Goetzen mwaka 1916, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi wakitarajia kuiopoa siku moja. Waingereza ndio walioiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikawahudumia wasafiri wa ziwa hilo kwa miongo mingi. Waliopaka grisi ile walijua kanuni moja: kitu kinachotarajiwa kufufuliwa hutayarishwa kabla hakijazama.

Je, mtepe ulitayarishwa na nani? Chombo hiki kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, chenye tanga la mkeka, kilikuwa fahari ya Waswahili wa visiwa vya Lamu. Kilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliundwa mtepe wa mfano, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, jumba lililojengwa na Barghash yule yule. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Waundaji wa mitepe ya mfano wamelazimika kutegemea sana michoro, picha na maelezo ya wageni, kwa kuwa minyororo ya mafundi waliojua kushona chombo hicho ilikuwa imekatika. Hapo ndipo penye uchungu. Mtepe ulikufa pamoja na sehemu kubwa ya msamiati wa washonaji wake.

Wanaounda majahazi ya misumari wangalipo, kwa mfano huko Matondoni katika kisiwa cha Lamu. Wao hawahitaji kamati ya istilahi. Wanajua mkuku na mataruma, omo na tezi, foromali na farumi, ngama na sitaha. Wanajua kutia kalafati ili maji yasipenye, na kupaka deheni ili chombo kisiliwe na wadudu. Chombo kikikamilika hukishua, kikiharibika hukipandisha. Hayo ni maneno ya kazi, na kila moja lina fundi anayeweza kulieleza kwa mkono wake. Lakini muulize mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili maana ya farumi. Aghalabu atakimbilia kamusi, na kamusi itampa mstari mmoja usiomwonyesha kitu.

Ndiyo maana siungi mkono mjadala ambao huishia katika kutafuta neno moja tu la kutafsiri chombo kama Christina O. Wengine watasema mashua ya anasa, wengine merikebu ya fahari, wengine yoti. Mimi sioni hatari katika neno yoti. Waingereza wenyewe walilikopa kutoka kwa Waholanzi, nasi tulikopa nahodha kutoka Kiajemi na bendera kutoka Kireno, na maneno hayo leo ni yetu. Hatari iko kwingine. Ni pale tutakapokubali yoti, kisha tukakopa na majina ya viungo vyake vyote, ilhali kila kiungo kina jina katika Kiswahili tangu enzi za mababu. Kukopa jina la nyumba ya mgeni si aibu. Aibu ni kuazima jina la mlango na dirisha, vitu ulivyo navyo nyumbani.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu za Kiswahili zifanye tafsiri ya nyaraka za vyombo kuwa zoezi la kozi ya tafsiri. Mwanafunzi apewe maelezo ya mauzo ya yoti kuukuu, ayafasiri kwa Kiswahili, kisha tafsiri yake isahihishwe na mhadhiri pamoja na fundi wa majahazi. Pili, chama chetu kiandae safari za utafiti pwani, si za kutazama magofu na kupiga picha tu, bali za kurekodi sauti za mafundi wakiwa kazini, wakitaja kila ubao kwa jina lake. Fundi alipwe ujira wake na jina lake litajwe kama mtaalamu, si kama mtoa habari asiye na jina. Tatu, majahazi makongwe yaliyosalia yaandikiwe historia zao kwa Kiswahili: aliyeliunda jahazi, mwaka lilioshuliwa, bandari lilizofika, shehena lililobeba na mabadiliko yaliyofanywa. Siku jahazi hilo litakapouzwa kwa mwenye hoteli anayetaka kutembeza watalii, mwenyewe atakuwa na cha kudai bei, na sisi tutakuwa na cha kusoma hata likienda mbali.

Huenda msomaji akaniuliza kwa nini nimekwenda mbali hadi Montreal, Ugiriki na Marekani ili nizungumzie Lamu. Jibu limo katika methali ya mabaharia wetu wenyewe: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii hunukuliwa shuleni kila mwaka, lakini ni wangapi kati yetu walioiona ngama kwa macho? Mafundi wanaoweza kutuonyesha wamezeeka, na vijana wengi hawaingii katika kazi hiyo. Tusiposhika kalamu sasa, tutabaki tukinukuu methali ambazo vyombo vyake vimezama, na maneno yake hayana wa kuyaopoa.