Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Wito kwa Wataalamu Vijana wa Mtwara



Toka Msimbati hadi Mikindani, na toka kingo za mto Ruvuma hadi uwanda wa Wamakonde, tunao vijana wengi waliosoma. Ni walimu, wauguzi, wahasibu, wanasheria, mabwana shamba na mafundi wa mitambo. Karibu kila fani ina chama chake, na kila chama kinashughulikia mambo yake: mishahara, vyeo na posho. Hayo ni mambo ya haki. Lakini twauliza: elimu hiyo yote inamfikia lini mvuvi anayeketi katika mkutano wa kijiji akisomewa hesabu asizozielewa?

Tunauliza kwa sababu tumekwisha kuona gharama ya kutoelewana. Gesi iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Ilipotangazwa kwamba bomba litaipeleka Dar es Salaam, wananchi waliandamana mjini Mtwara tarehe 27 Desemba 2012, wakisema gesi haitoki. Januari na Mei 2013 zikaja ghasia. Watu walipoteza maisha, na nyumba na majengo ya umma yakachomwa. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015.

Hatusemi kwamba kikundi cha wahasibu kingalizuia maafa yale. Wenye mamlaka walikuwa na wajibu wa kueleza mapema, wala hatuwaondolei wajibu huo. Na wananchi walikuwa na kumbukumbu: wazee wao waliona reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, ikifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tunalosema ni kwamba kati ya ofisi zenye nyaraka na vijiji vyenye maswali palikuwa na pengo, na pengo hilo likajazwa na uvumi na hasira. Wenye uwezo wa kusimama hapo walikuwapo, lakini kila mmoja alikuwa katika chama chake.

Mambo yetu hayaletwi kwa mafungu ya fani. Tazama korosho. Mkulima anayeuza kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza mwaka 2007, anahitaji mhasibu wa kumweleza makato, mwanasheria wa kumweleza haki zake katika chama cha msingi, na bwana shamba wa kumweleza daraja la korosho zake. Msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengine walisubiri malipo kwa miezi mingi. Tazama pia hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 katika Ghuba ya Mnazi na mdomo wa Ruvuma. Mtaalamu wa samaki atasema kweli kuhusu mazalio na ubaya wa baruti. Lakini mvuvi atamwuliza watoto watakula nini leo, na swali hilo halijibiwi na mtaalamu mmoja.

Wako wanaohofu kuitwa wanasiasa. Hofu hiyo twaielewa, hasa kwa watumishi wa umma. Lakini Katiba yetu, Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yake. Ibara ya 27 inamtaka kila mtu alinde mali asilia ya nchi. Kumsomea jirani hesabu za halmashauri yake si kumwambia ampigie kura nani.

Wala tusiseme hatujui kushirikiana. Ikija harusi, kamati huundwa kwa siku chache: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi za michango, Mwislamu na Mkristo, mwalimu na mganga, wote wamo. Ustadi huo huo uletwe katika mambo ya wote.

Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyama vya fani vichague wajumbe wachache wakutane kabla ya kila mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka ufanyike kila miezi mitatu, wasome pamoja taarifa ya mapato na matumizi, na kuiandika kwa Kiswahili chepesi. Pili, washike jambo moja kwa mwaka, walifuatilie hadi mwisho. Tatu, wasiseme kwa niaba ya wanakijiji. Kazi yao ni kueleza na kusikiliza. Kuamua ni kwa mkutano. Msomi anayekuja kijijini kutoa amri hana tofauti na yule aliyekaa kimya mjini.

Amani isiyo na maelezo ni ukimya tu, na ukimya wa mwaka 2012 haukudumu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Je, ni lini mara ya mwisho kijiji au mtaa wetu ulisomewa mapato na matumizi?
2. Ni wataalamu gani vijana wanaishi kati yetu, na nani atakwenda kuwaita?