Pamba Wasifu Wako, Lakini Jina na Nambari ya Malipo Ziache Wazi

Ukiingia Instagram, TikTok au WhatsApp leo, utapata biashara nyingi ndogo zimejirembesha kwa maandishi. Muuzaji wa viatu vya mitumba hajiiti tena Duka la Viatu. Anajiita 𝓓𝓾𝓴𝓪 𝓵𝓪 𝓥𝓲𝓪𝓽𝓾. Mwenye kuoka keki ameandika bei kwa tarakimu nene zenye duara, na wa bodaboda ameweka nambari yake ya simu kwa tarakimu za mapambo. Inapendeza, tuseme ukweli. Na haigharimu kitu: unaandika jina kwenye tovuti ya kubadilisha herufi, unanakili, unabandika, kwisha.

Kazi yetu ni kuhakikisha pesa ikitoka kwa mteja inakufikia wewe, si mtu mwingine. Kwa hivyo msimamo wetu ni huu: jipambe unavyotaka, lakini vitu vitatu viache kwa herufi za kawaida. Jina la biashara, nambari ya malipo na bei. Tunajua kuna wale watasema tunachukulia mambo madogo kwa uzito. Hebu tusikizane kwanza.

Hizo si fonti

Watu wengi wanadhani wamebadilisha mwandiko tu. Sivyo. Simu haioni maumbo kama sisi, inaona nambari. Mpangilio unaoitwa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 1991, umeipa kila herufi na kila alama iliyomo nambari yake. Herufi D ya kawaida ni nambari 68. Ile 𝓓 ya mapambo ni nambari 120,019. Kwa jicho lako ni D zote mbili, lakini kwa simu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na hizo herufi za mapambo hazikutengenezwa kwa ajili ya wasifu wa Instagram. Nyingi ziliingizwa kwenye Unicode mwaka wa 2001 kwa ajili ya wanahisabati, ambao kwao herufi nene na herufi ya kawaida zinaweza kuwa na maana mbili tofauti katika hesabu moja. Ni karibu alama 1,000. Kwa hivyo ukiandika jina la duka lako kwazo, umeandika mstari wa alama za hisabati zinazofanana na jina la duka lako.

Mteja unayempoteza hakwambii

Fikiria mteja ameelekezwa kwako na rafikiye. Anaandika "Duka la Viatu" kwenye kisanduku cha kutafuta. Programu nyingine ni janja, zinageuza zile alama zikawa herufi za kawaida na kukupata. Nyingine hazifanyi hivyo: zinatafuta 68, wewe umeandika 120,019, basi hupatikani. Wewe huwezi kuchagua mteja wako atumie programu gani. Naye hatakupigia simu kukuambia amekukosa. Atanunua kwa jirani.

Mwingine ana simu ya zamani, au kabambe. Ukimtumia ujumbe wenye mapambo, simu yake ikikosa umbo la hizo alama inamwonyesha visanduku vitupu: □□□□ □□ □□□□□. Huyo ni mteja mwenye pesa mkononi, na umemtumia visanduku.

Halafu kuna nambari ya till. Mteja akiinakili kwenye tarakimu za mapambo na kuibandika kwenye sehemu ya kulipia, sehemu nyingi zitaikataa, maana zinasubiri tarakimu 0 hadi 9 za kawaida. Hapo sasa itabidi aiandike mwenyewe akikodolea macho zile tarakimu za mapambo, asijue kama ile ni 1 au 7. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inaenda kwa mtu mwingine, na kuanza kuirudisha ni safari ambayo nyote wawili hamkuitaka.

Wa mwisho ndiye anayesahaulika zaidi: mteja asiyeona. Wengi wao wanatumia simu kwa kusikiliza. Programu kama TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone inawasomea kilicho kwenye skrini. Ikikutana na "Duka", inasema Duka. Ikikutana na herufi za mapambo, inaweza kutamka jina refu la kila alama kwa Kiingereza, herufi moja baada ya nyingine, au ikaziruka tu kimya. Jina lenye herufi kumi na tatu linakuwa hotuba, au linakuwa si kitu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia za mawasiliano zinazomfaa. Wewe si serikali, ni kweli. Lakini ukiweka bei yako mahali ambapo mtu huyu hawezi kuisikia, umemfungia mlango wa duka, na pesa zake ni sawa na za mwingine.

SMS moja inageuka tatu

Hapa tunazungumza na nyinyi mnaotuma ujumbe kwa wateja wengi kwa pamoja: vikundi vya akiba, saluni, shule, makanisa, maduka.

SMS moja hubeba herufi 160, mradi herufi zote ziwe kwenye orodha fupi ya herufi za kawaida za mtandao wa simu. Ukiingiza alama moja tu iliyo nje ya orodha hiyo, hata emoji, ujumbe mzima unahamia kwenye mpangilio mwingine, na nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67.

Piga hesabu. Ujumbe wenye herufi 150 ulikuwa SMS moja. Umeongeza ua moja dogo mwishoni, sasa ni SMS tatu. Ukiwa na wateja 200, umetoka SMS 200 hadi 600. Tuseme unalipa shilingi moja kwa kila SMS: ua hilo limekugharimu shilingi 400 kila unapotuma. Na ukiandika ujumbe wote kwa zile herufi za hisabati ni balaa zaidi, kwa sababu kila moja huchukua nafasi mbili. SMS moja itabeba herufi 35 tu. Hata salamu haijaisha.

Wanaoandika Kiswahili tuna mtego wetu wa pekee: ile alama ya kwenye ng'ombe na ng'ambo. Ile iliyonyooka (') iko kwenye orodha ya kawaida. Ile iliyopinda (’), ambayo simu nyingine hujiwekea zenyewe bila kukuuliza, haimo. Neno "ng’ombe" moja lenye alama iliyopinda linaweza kufanya ujumbe wako ulipiwe mara tatu, isipokuwa kama mtambo wa anayekutumia jumbe unairekebisha. Kabla ya kutuma kwa watu 200, jitumie mwenyewe kwanza na uangalie zimehesabiwa ngapi.

Lakini ĩ na ũ si mapambo

Tusieleweke vibaya. Mtu anayeandika Kikuyu au Kikamba anahitaji ĩ na ũ, na hizo pia haziko kwenye ile orodha fupi. Je, naye aache? Hapana. Hizo ni herufi za lugha yake. Bila hizo neno linaweza kuwa jingine. Unicode ilitengenezwa hasa kwa ajili hiyo, ili kila lugha iandikike kwenye mashine ileile. Ukimwandikia mama yako au mteja wako kwa lugha yake sawasawa, gharama ya SMS ya pili ina maana yake. Tunachopinga ni kulipa gharama hiyohiyo, na kuwafungia watu nje, kwa herufi ambazo hazisemi chochote ambacho herufi ya kawaida isingesema.

Matapeli wanapenda mazoea yetu

Hili ndilo linalotukosesha usingizi. Soma maneno haya mawili: Pesa, Реѕа. Umeona tofauti? La pili halina hata herufi moja ya kwetu. Limeandikwa lote kwa herufi za Kisirili, zile zinazotumika kuandika Kirusi na lugha nyingine kadhaa. Mwaka wa 2017 mtafiti mmoja alisajili anwani ya tovuti kwa herufi za namna hiyo, nayo kwenye baadhi ya vivinjari ikaonekana apple.com kabisa. Yeye alitaka kuonyesha udhaifu ili urekebishwe. Tapeli hana nia hiyo.

Matapeli hutumia herufi za kufanana kwa njia mbili. Kwanza, kufungua akaunti inayoonekana kama ya biashara halali, jina lilelile, picha ileile, nambari ya malipo tofauti. Pili, kuikwepa mitambo inayochuja jumbe za ulaghai. Mtambo unaotafuta maneno kama "umeshinda" au "tuma PIN" unaweza kuyakosa yakiandikwa kwa alama za hisabati, ingawa wewe unayasoma vizuri tu.

Sasa fikiria mteja wako. Kama kila duka halali analolijua linaandika kwa herufi za ajabu ajabu, atawezaje kushtuka akiletewa ujumbe wa tapeli wenye herufi za ajabu? Maandishi ya kawaida kutoka kwa watu waaminifu ni ulinzi wa sote. Tukizoea mapambo kwenye mambo ya pesa, tunamfanyia tapeli kazi yake bure. Ndiyo maana sisi wenyewe ujumbe wetu wa kuthibitisha malipo tunauandika kavukavu: jina, kiasi, tarehe, basi. Ukipata ujumbe unaodai umetoka kwetu na umejaa herufi za madoido, shuku kwanza.

"Kwa hivyo mnataka tufanane wote?"

Hapana. Soko ni kelele, na kila mtu anataka aonekane. Lakini angalia wanaojua kupamba kweli. Kanga ina pindo, ina mji, ina rangi za kuita jicho kutoka ng'ambo ya barabara. Jina la kanga, yale maneno yanayobeba ujumbe, kwa kawaida yamechapwa kwa herufi kubwa zilizo wazi. Aliyeichora alijua mnunuzi asipoyasoma maneno hatainunua. Matatu nayo: mwili mzima umechorwa, taa za kila rangi, muziki juu. Lakini ile 125 ya Rongai imeandikwa abiria aione kabla gari halijasimama. Pambo lina mahali pake, na habari ya lazima ina mahali pake.

Biashara yako ina picha, ina rangi, ina bidhaa yenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Viatu vikiwa vizuri, picha safi iliyopigwa mchana itavutia watu kuliko herufi yoyote ya kuazima kwa wanahisabati.

Fanya hivi leo

Kama una biashara:

- Jina la biashara kwenye wasifu liandike kwa herufi za kawaida, na lilingane na jina ulilosajili kwenye till. Mteja akiona majina mawili tofauti, ana haki ya kuogopa.
- Nambari ya malipo, nambari ya simu na bei ziwe kwa tarakimu za kawaida. Bila duara, bila mapambo.
- Ukitaka pambo, liweke kwenye picha au kwenye mstari wa maneno ya ziada, mahali ambapo likikosa kusomeka hakuna kinachoharibika.
- Emoji moja mwishoni mwa chapisho la mtandaoni haina neno. Mbili katikati ya nambari ya till zina neno.
- Washa TalkBack au VoiceOver kwenye simu yako, funga macho, usikilize wasifu wako ukisomwa. Dakika moja inatosha.

Kama wewe ni mteja:

- Usiamini jina kwa kuliangalia tu. Andika nambari mwenyewe, kisha usome jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuingiza PIN. Likikosa kulingana na la duka, acha, uliza.
- Kiungo kilichotumwa kwenye ujumbe wa pesa usikibonyeze, hata kikionekana sawa. Macho hayawezi kutofautisha herufi hizi.
- PIN ni yako peke yako. Hata anayejiita mhudumu wetu usimpe.

Haya yote hayahitaji pesa wala ujuzi wa kompyuta. Fungua wasifu wako sasa, futa jina lenye mapambo, uliandike upya kwa vidole vyako. Kuna mtu mahali fulani anakutafuta ili akulipe.