Ukijitolea Kazi, Weka Mpaka



Wanafunzi wapendwa, wazazi na walezi watukufu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ama baada ya hayo, liko jambo ambalo vijana wetu waliomaliza masomo wanatujia nalo mara kwa mara. Kijana amejifunza kompyuta, anajua kutengeneza tovuti na programu za simu, na anatamani kuingia katika kampuni changa za teknolojia zilizoko Nairobi na Dar es Salaam. Hana uzoefu wala hana anayemjua huko. Basi anaandika barua: nichukueni, nitafanya kazi bure kwa muda wowote mtakao. Mzazi naye anauliza, je, hii ni busara au ni ujinga?

Rai yangu ni kwamba ajitolee, lakini barua ya namna hiyo asiiandike.

Tukumbuke kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas. Alifika Madyan akiwa mgeni na mkimbizi, hana kazi wala jamaa. Aliwakuta mabinti wawili wakisubiri wachungaji wamalize kunywesha, akawanyweshea wanyama wao bila kudai kitu, kisha akaenda zake kivulini kumwomba Mola wake. Kazi ile ya bure ndiyo iliyomfungulia mlango. Lakini wengi wetu tunaishia hapo, na kisa kinaendelea. Baba wa mabinti alimwita ili amlipe kwa aliyoyafanya. Binti mmoja akashauri aajiriwe, kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Ndipo yalipofanyika mapatano: miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Kazi ya bure ilikuwa ya mara moja, ikaonekana, ikaisha. Kazi ya miaka ilikuwa na makubaliano.

Katika teknolojia pia iko mifano. Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, mwanasheria Ory Okolloh alitoa wazo la kuonyesha kwenye ramani mahali palipotokea ghasia. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wenzao walijitolea, na kwa siku chache tu tovuti ya Ushahidi ikawa tayari. Baadaye ikawa taasisi kamili, na programu yake ikatumika hata Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010. Lakini tuangalie vizuri. Walijitolea kwa ajili ya watu waliokuwa hatarini, hapakuwa na tajiri wa kuvuna faida ya jasho lao, na programu ilitolewa wazi ili kila mtu aitumie. Aliyefanya kazi aliweza kuionyesha mbele za watu.

Watu watasema, mbona kwa fundi seremala au fundi wa magari kijana hukaa miezi mingi bila mshahara? Ni kweli. Lakini pale fundi anamfundisha, anamsahihisha, na mara nyingi chakula cha mchana wanakula pamoja. Basi pima kwa mizani hiyo hiyo. Kama kuna mtu wa kukufundisha, wewe ni mwanafunzi. Kama umepewa kompyuta na orodha ya kazi za wateja wanaolipa, na hakuna anayekufundisha, wewe ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana ujira.

Tena kazi ya bure ina gharama. Kuna nauli, kuna chakula, kuna kodi ya chumba. Kijana wa Mombasa akikaa Nairobi miezi sita bila kulipwa, anayelipa ni baba mvuvi au mama anayeuza maandazi. Mama yule amegeuzwa mfadhili wa kampuni bila kuulizwa. Mwenye uwezo ataweza kuvumilia, na mtoto wa maskini atarudi nyumbani na deni. Kwa hiyo shauri lifanyike nyumbani kwanza, na hesabu ya pesa iwekwe wazi.

Wanafunzi wa fikihi wajue pia kwamba kunyamaza kuna hatari. Imam Nawawi katika Minhaj anataja mtu aliyempa fundi nguo aishone, na ujira haukutajwa. Kauli aliyoitanguliza ni kwamba fundi hana ujira, ingawa ametaja pia kauli zinazompa haki, hasa akiwa anajulikana kwa kazi hiyo. Basi usiseme moyoni "wataniona tu." Sema kwa ulimi na uandike: ni kazi gani, inaanza na kwisha lini, nani atakusimamia, kama utaruhusiwa kuwaonyesha wengine ulichotengeneza, na baada ya hapo mtazungumza malipo. Wiki mbili au tatu zinatosha kumwonyesha mtu uwezo wako. Ukiahidiwa hisa za kampuni, ziandikwe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara kuandika deni la muda maalumu, na ahadi ya hisa isiyoandikwa husahaulika upesi kampuni inapopata pesa.

Asiyeweza kusafiri asikate tamaa. Ziko programu huria ambazo yeyote anaweza kusaidia kuzitengeneza akiwa nyumbani, na kila alichochangia hubaki kwa jina lake. Njia hii inawafaa vijana wa kiume na mabinti zetu pia.

Neno la mwisho ni kwa ndugu zetu wenye kampuni. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Kijana anapokuja kwako na kusema "bure," anasema kwa sababu ya shida. Mfundishe, na akianza kukuingizia faida, mwite umlipe, kama yule mzee wa Madyan alivyomwita Musa.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.