Kabla ununue ploti Nakuru, kaa hapo mvua moja nzima

Fungua simu yako saa hii. Kati ya video tatu, moja lazima iwe ya jamaa wa kofia ya mjengo, amesimama kwenye nyasi zinazomfika magoti, nyuma yake mlima Menengai. Anakwambia hii ndiyo Nakuru mpya, ploti ni ya 50 kwa 100, unalipa pole pole, na bei inapanda Jumatatu. Bei hupanda Jumatatu kila wiki, na ploti bado zipo.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021. Tangu hapo ni kama sisi vijana tuliambiwa tuna deni la kulipa. Ukigonga miaka 25 na huna hata kipande cha nyasi, shangazi zako wanakuangalia kama mtu aliyepotea njia. Kwenye chama mabeshte wanakuuliza, "We umenunua wapi?" Hakuna anayeuliza, "We unaishi wapi, na unaishi aje?" Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa, na mimi nasema la pili ndilo la maana.

Msimamo wangu ni mfupi: usinunue mahali ambapo hujawahi kulala. Kodi keja kwenye mtaa huo kwanza, hata kama ni chumba kimoja. Kaa kutoka Machi hadi Juni, mvua ya masika ikupate hapo. Halafu ndio uanze kuongea na broka.

Najua wengi watauliza kwa nini ujisumbue hivyo na jina la mtaa tayari linajieleza. Hapo ndipo shida huanza, kwa sababu Nakuru watu hununua majina. Chukua Milimani. Enzi za ukoloni Wazungu walijijengea huku juu, kwenye mteremko wa Menengai, kwenye hewa safi. Waafrika wakawekwa chini kuelekea ziwa, Bondeni na mitaa ya jirani. Hata hawakuficha kwa majina: hawa milimani, wale bondeni. Ikulu ya Nakuru iko huku Milimani mpaka leo. Kwa hivyo mtu akikwambia "naishi Milimani" hakupi anwani, anakupa wasifu wake.

Mimi nakaa huku Milimani, na usicheke: kwa SQ, ile nyumba ya mfanyakazi iliyojengwa nyuma ya nyumba kubwa. Kwa hivyo naujua huu mtaa kutoka mlango wa nyuma. Najua maji ya mfereji yanakuja siku gani na saa ngapi za usiku, na hiyo ratiba sijaiona kwenye tangazo lolote la kuuza fleti. Zile nyumba za zamani zenye bustani ya nusu ekari zinabomolewa moja moja, panapanda fleti. Swali ambalo mnunuzi wa hiyo fleti anafaa kuuliza si kama madirisha ni makubwa. Aulize kama bomba la maji taka lililowekwa kwa ajili ya familia moja na mbwa wao wawili limepanuliwa ili libebe familia ishirini. Na aangalie ramani vizuri, kwa sababu siku hizi "upande wa Milimani" kwa kinywa cha broka ni popote penye mteremko.

Sasa tuongee maji, maana hapo ndipo mitaa yetu hutofautiana kuliko bei. Matangazo mengi yanajisifu: "Ploti ina kisima chake!" Kwa mtu wa Nakuru hiyo inafaa kuwa mwanzo wa maswali. Maji ya chini ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima vingi vya upande wetu vinapita hapo. Ndiyo maana ukikutana na msee wa Nakuru ugenini unaweza kumtambua akicheka. Yale meno ya rangi ya kahawia si uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Ni maji aliyokunywa akiwa mtoto, meno yakiwa bado yanajiunda. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilifikia hatua ya kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ili kuipunguza. Kwa hivyo mwenye ploti akikuonyesha kisima, muulize karatasi ya maabara iko wapi. Akianza kukueleza jinsi maji yalivyo matamu, unajua hana karatasi.

Halafu kuna ardhi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sababu kubwa ya kusema ungoje mvua. Tumejenga jiji ndani ya Bonde la Ufa, juu ya majivu ya volkano. Udongo ni mwepesi. Maji yakipenya chini yanaubeba polepole, huku juu huoni chochote, mpaka siku mvua kubwa inaponyesha na ardhi inafunguka. Wakazi wa Kaptembwo na Rhonda, upande wa magharibi, wameijua hadithi hii kwa miaka mingi. Nchi nzima iliishtukia Machi 2018, ufa ulipokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok na picha zikazunguka dunia. Na usisahau kwamba lile tetemeko kubwa la Januari 6, 1928 lilitokea Subukia, jirani yetu hapa.

Sisemi msijenge. Watu wamejenga na wanaishi vizuri. Nasema kiangazi huficha kila kitu. Lori moja la changarawe linatosha kufukia ufa, nyasi zinaota juu, na wewe unapelekwa kuona saiti mwezi wa Februari, jua kali, soda baridi mkononi. Hakuna broka atakayekupeleka saiti Mei saa kumi na moja jioni, mvua ikimwagika. Lakini mama mboga wa pale kwenye kona yupo Mei. Muulize maji hupitia wapi. Atakuonyesha kwa kidole, na mara nyingine kidole kitapita katikati ya ploti yako.

Upande wa ziwa ni vile vile, tofauti ni kwamba shida inatoka chini kwenda juu. Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu mwaka wa 2010 hivi. Lilimeza lango kuu la zamani la mbuga, na kufikia 2020 lilikuwa limewafukuza watu kwenye nyumba zao Mwariki na Baruti. Hatimiliki haizuii maji. Ukiwa na karatasi halali ya kipande kilicho chini ya ziwa, wewe ni mmiliki halali wa samaki.

Kuhusu karatasi nitapita haraka kwa sababu mawakili wameandika mengi. Ila kuna mambo mawili ambayo vijana wa Nakuru wanachomwa nayo kila siku. La kwanza ni taito mama: unauziwa kipande cha shamba kubwa ambalo bado halijagawanywa, hatimiliki ni moja tu na iko kwa muuzaji, unaahidiwa yako "itatoka". Kama hiyo ardhi bado ni ya kilimo, kuigawanya na kuiuza kunahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na bila hiyo mauzo ni batili kisheria. La pili ni vyeti vya hisa. Kaunti hii iligawanywa sana na kampuni za kununua mashamba baada ya uhuru, kina Ngwataniro na Ndeffo, na hadi leo kuna wajukuu wanauza kwa cheti cha babu. Cheti cha hisa si hatimiliki.

Kinachoniudhi zaidi ni haraka. "Lipa leo, kesho kuna mtu mwingine." Wadachi, ambao nao wanaishi mahali hatari kuliko sisi, wameliwekea hili breki. Kuna mji kwao unaitwa Almere, karibu na Amsterdam, uliojengwa mahali palipokuwa maji; wakaazi wa kwanza waliingia 1976, na ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Watu wananunua nyumba pale na kupanda treni kwenda kazini Amsterdam. Lakini sheria ya Uholanzi inampa mnunuzi wa nyumba siku tatu za kubadilisha mawazo baada ya kuweka sahihi, bila faini wala kueleza sababu. Siku tatu tu, na unaweza kulala, ukaamka, ukapiga hesabu upya. Hapa kwetu ukisharusha ile asilimia 10 ya kwanza, kuirudisha ni vita.

Treni pia hatuna. Nairobi ni kama kilomita 160 kutoka hapa, na kuna watu wanaambiwa watanunua Pipeline au Lanet na kufanya kazi Nairobi kama watu wa Almere. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025, na hata itakapoisha utakuwa unalipia kupita. Piga hesabu ya safari ndogo kwanza. Tuseme ploti yako iko mbali na tao, boda na matatu vinakula shilingi 200 kwa siku kwenda na kurudi. Siku 26 za kazi ni shilingi 5,200 kila mwezi. Mtu anayetembea kwa miguu kutoka Section 58 au sehemu za chini za Milimani hana hiyo gharama. Kwa mtu anayelipa kodi ya 8,000, hiyo 5,200 ni zaidi ya nusu ya keja.

Nasikia jibu tayari: "Kulipa kodi ni kutupa pesa." Sawa, hebu tuangalie nani hatupi. Mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 3 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 15, ni karibu shilingi 39,500 kila mwezi. Ukimaliza umelipa kama milioni 9.5. Kwa riba ya asilimia 9.5 inashuka hadi karibu 28,000 kwa mwezi, jumla milioni 6.7. Hata hiyo nafuu, ni vijana wangapi unaowajua wana 28,000 inayobaki kila mwezi, bila kukosa, kwa miezi 240? Nchi ya watu zaidi ya milioni 47 ina mikopo ya nyumba kama elfu 30 tu. Serikali nayo inakata asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu. Hapa Nakuru zimejengwa 605 Bondeni, kule kule chini ambako babu zetu waliwekwa. Napenda kwamba ziko karibu na mjini. Lakini 605 kwa jiji hili ni chache, kwa hivyo wengi tunabaki na ile ploti ya kulipa pole pole, yaani mkopo usio na benki wala mkaguzi.

Lakini wanaobisha wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Wale walionunua Kiamunyi au Naka mapema, wakati watu wanawacheka, leo ndio wanacheka. Ukingoja sana bei inaweza kukuacha. Kweli. Ila mimi sikwambii ungoje miaka kumi. Nakwambia miezi minne. Kwa kodi ya 8,000 hiyo ni 32,000. Kama ploti ni laki sita, umelipa kama asilimia 5 ya bei ili kujua kama maji yapo, kama ardhi inashika, kama usiku unaweza kutembea kutoka stejini hadi mlangoni, na kama jirani ana kinu cha posho kinachoanza saa kumi na moja alfajiri. Hakuna wakili atakayekuuzia habari hizo kwa bei hiyo.

Ukiniuliza ningeanzia wapi, ningekodi Section 58 au Free Area kwanza, kwa sababu ya miguu yangu na mfuko wangu. London nayo, hii yetu, ningelala kwanza usiku ambao upepo unatoka upande wa jaa la Gioto, ndio nijue naongea nini. Naka ni pazuri, lakini bei yake siku hizi inalipia sana jina. Fleti ya Milimani siwezi, na hata ningeweza ningetaka kuona ile ramani ya mabomba. Kiamunyi na Ngata nawaachia wenye magari. Najua watu wa Kiamunyi mtanitusi hapo chini, na ni haki yenu. Mkishamaliza, mniandikie pia boda ya saa nne usiku kutoka tao mnalipa ngapi mvua ikinyesha.