Kamani za basi kuukuu na uhai wa wanafunzi

Sheria iliyopitishwa 2017 iliagiza mabasi ya shule nchini yapakwe rangi ya manjano. Ni agizo jema, lakini rangi haibebi mzigo. Kinachobeba mzigo ni kamani zilizo chini ya basi, na hizo hazikaguliwi na macho ya wapita njia. Miongoni mwa mabasi hayo yamo ambayo umri wake unawapita wanafunzi wanaoyapanda. Mengine yalikuwa malori au magari ya abiria kabla ya kubadilishwa kuwa mali ya shule. Kupata vipuri vyake ni kazi inayowatoa jasho walimu wakuu.

Ugumu huu una sababu. Kwanza, aghalabu basi letu lina wazazi wawili: chesisi ya lori iliyotoka kwa kampuni moja, na bodi iliyoundwa na mafundi wengine. Mnunuzi anayekwenda dukani na jina lililoandikwa kwenye bodi hurudi mikono mitupu, kwa kuwa kamani hufuata chesisi wala si bodi. Pili, kampuni nazo huzaliwa na kufa. Leyland Kenya ilianzishwa Thika 1974. Leo kiwanda hicho ni KVM, na huko Uingereza Leyland Bus ilinunuliwa na Volvo 1988. Basi hubaki yatima barabarani.

Yatima huyo hupelekwa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambako fundi hodari hukosa nadra kitu "kinachofanana". Hapo ndipo nina wasiwasi. Kamani ni chuma kilichopashwa moto, kikazamishwa ndani ya mafuta kipoe ghafla, kisha kikapashwa tena kwa kiasi ili kipinde bila kuvunjika. Kukiunga kwa weldi ni kukiondolea sifa hiyo, na pale palipoungwa ndipo kitakapokatika. Aidha, wako wanaopunguza majani ya kamani za lori ili basi lisirukeruke. Jani likiondolewa bila hesabu, yaliyobaki huelemewa siku basi linapojaa. Kamani ikikatika kwenye mteremko, ekseli huweza kusogea na usukani usitii.

Njia ya salama si ya miujiza. Nambari ya chesisi isomwe na kunakiliwa. Upana, unene na idadi ya majani vipimwe, pamoja na urefu kutoka kila jicho la kamani hadi boliti ya katikati. Kwa vipimo hivyo, mhunzi wa kamani aweza kuunda mpya kwa chuma kinachostahili, hata kama kampuni asilia imesahaulika. Bushi nazo huweza kukerezwa. Zaidi ya yote, kamani zibadilishwe za kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo basi litainama upande mmoja.

Napendekeza kila shule iwe na faili ya basi lake kama ilivyo na faili ya kila mwanafunzi, ikionyesha vipimo, vipuri vilivyobadilishwa na tarehe. Dereva akistaafu, maarifa yasiondoke naye. Vyuo vyetu vya ufundi, ambavyo vina mashine za kukereza, vishirikishwe. Nao wanafunzi wa fizikia wanaokariri kanuni ya Hooke wapelekwe chini ya basi waione ikifanya kazi.

Kuna watakaosema heri kununua basi jipya. Iwapo chesisi yenyewe imepasuka, nami nasema hivyo hivyo. Lakini shule nyingi hazina fedha hizo, na mzazi hapaswi kuchangia basi jipya kwa sababu ya bushi iliyopuuzwa. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta waweza kujengwa upya. Mtoto aliyepotea barabarani harejei.